Karatasi ya Matokeo na Pasipoti: Kuusoma Msimu wa Timu ya Duke wa 2024/2025 Tukiwa Lodwar

Utangulizi

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6 Aprili 2025, karibu saa kumi, tulikuwa vijana saba tumeizunguka simu moja katika ua wa nyumba ya kupanga mjini Lodwar. Wanne kati yetu walikuwa wamekulia katika kambi ya Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, nao ndio walionunua bando. Kwenye kioo cha simu, timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani ilikuwa ikicheza na Houston katika nusu fainali ya mashindano ya vyuo, mjini San Antonio, Texas. Picha iliganda kila baada ya dakika chache. Ilipoganda, mmoja wetu aliirudia kwa sauti habari iliyotoka saa chache tu kabla ya mchezo: serikali ya Marekani ilikuwa imebatilisha viza za watu wote wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Mchezaji wa kati wa Duke, Khaman Maluach, alikuwa na pasipoti hiyo. Nasi tulikuwa tukimtazama akicheza.

Makala haya yananuia kuueleza msimu huo wa Duke: jinsi ulivyopangwa, jinsi ulivyokwenda na jinsi ulivyoisha. Najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili watauliza mpira wa kikapu umeingiaje katika kurasa za Kiswahili. Msimamizi wa tasnifu yangu aliniuliza hivyo hivyo, ingawa kwa upole. Jibu langu ni kwamba msimu wa michezo ni usimulizi. Una wahusika, una msuko, una taharuki, na husimuliwa upya kila asubuhi vibarazani na redioni, mara nyingi kwa Kiswahili. Ninachodai ni kwamba msimu huu ulikuwa na masimulizi mawili yaliyokwenda sambamba, moja likiandikwa katika karatasi ya matokeo na jingine katika pasipoti. Anayelisimulia la kwanza na kuliacha la pili, au kinyume chake, amesimulia nusu ya kisa.

Umbo la msimu wa chuo

Nchini Kenya, timu za vyuo vikuu kama USIU na Strathmore zimecheza katika ligi moja na klabu za waajiriwa, kama vile Ulinzi, ambayo ni timu ya wanajeshi, na ile ya Halmashauri ya Bandari. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kujikuta akimkaba sajini aliyemzidi miaka kumi na kilo ishirini. Marekani mambo si hivyo. Vyuo hushindana na vyuo, na msimu mzima huanza Novemba na kumalizika mapema Aprili, yaani huishi ndani ya mwaka mmoja wa masomo.

Msimu huo una sehemu tatu. Kwanza kuna michezo ya kawaida, ambayo kwa Duke ilikuwa 31. Kati ya hiyo, 20 ilikuwa dhidi ya vyuo vya kundi lao, liitwalo ACC. Pili kuna mashindano ya kundi hilo, ambayo huchezwa kwa siku chache mfululizo katika mji mmoja. Tatu ni mashindano ya taifa yanayosimamiwa na NCAA, ambayo hukusanya timu 68. Hapo kila anayeshindwa mara moja huenda nyumbani. Hakuna mkondo wa pili wala kuokolewa na tofauti ya pointi. Mchezo wenyewe nao hutofautiana kidogo na ule tuuonao Nairobi au Kampala: wanaume wa vyuo hucheza vipindi viwili vya dakika 20 badala ya robo nne, na timu yenye mpira hupewa sekunde 30 za kurusha badala ya 24.

Kwa mwanafunzi wa fasihi umbo hili ni la kustaajabisha. Sehemu ya kwanza ni ndefu na yenye kusamehe, mfano wa riwaya ambamo mhusika hupotea sura nne nzima na bado akapata nafasi ya kujirudi. Sehemu ya mwisho ni kama ngano: kosa moja mlangoni, na zimwi limekula mtu. Timu ileile, yenye wachezaji walewale, huhamishwa kutoka utanzu mmoja hadi mwingine ndani ya wiki moja ya Machi. Makocha wengi waliosifiwa kwa riwaya wameangushwa na ngano.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba timu ya chuo haidumu. Duke ina jina kubwa, imekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mara tano (1991, 1992, 2001, 2010 na 2015), zote chini ya kocha Mike Krzyzewski aliyestaafu mwaka 2022. Lakini jina ndilo hudumu, watu hupita. Katika watano walioanza michezo mingi ya msimu huu, watatu walikuwa wa mwaka wa kwanza: Cooper Flagg, Kon Knueppel na Maluach. Pamoja nao walikuwa Tyrese Proctor kutoka Australia na Sion James aliyehamia kutoka chuo cha Tulane. Kocha Jon Scheyer alikuwa katika msimu wake wa tatu. Kila mtu alijua, tangu Novemba, kwamba vijana hao watatu wangeondoka Aprili. Msimu ulianza ukiwa umekwisha kuandikiwa mwisho wake, na hilo liliupa huzuni fulani ambayo sijaiona katika ligi za klabu.

Kijana aliyepitia Kawempe

Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, Septemba 2006. Familia yake ilikimbia vita, naye akakulia Kawempe, katika jiji la Kampala. Alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 13 hivi, umri ambao watoto wa Marekani wa kiwango chake huwa wameshacheza nusu ya maisha yao. Kutoka Kampala alikwenda katika chuo cha mpira wa kikapu cha NBA kilichopo Saly, Senegal. Katika ligi ya klabu za Afrika, BAL, alizichezea Cobra Sport ya Sudan Kusini, AS Douanes ya Senegal, kisha City Oilers ya Kampala. Mwaka 2023 alikwenda na Sudan Kusini katika Kombe la Dunia akiwa na miaka 16. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, alikuwa katika kikosi cha Olimpiki kule Paris.

Kikosi hicho kinahitaji aya yake. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011. Timu yake ya kikapu ilijengwa na Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA na wa Duke yenyewe, akiwa rais wa shirikisho, na ilifundishwa na Royal Ivey. Wachezaji wake kadhaa walizaliwa au kulelewa katika kambi za wakimbizi. Julai 2024, mjini London, iliikaribia Marekani hadi pointi moja, 101 kwa 100, katika mchezo wa kirafiki. Siku chache baadaye iliishinda Puerto Rico 90 kwa 79 katika mchezo wake wa kwanza wa Olimpiki, baada ya waandaaji kupiga kwa makosa wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini. Waliokuwa Kakuma siku ile waliniambia kwamba kosa la wimbo liliwauma kuliko ambavyo kushindwa kungewauma. Mtu aliyeipata bendera yake jana hapendi kupigiwa wimbo wa yule aliyemnyima.

Huyo ndiye kijana aliyefika Duke: urefu sentimita 218 hivi, na mwaka mmoja tu wa chuo mbele yake. Wastani wake wa msimu ulikuwa pointi 8.6 na ribaundi 6.6 kwa mchezo, na katika kila mipira 100 aliyorusha, 71 iliingia. Ribaundi, kwa asiyeufahamu mchezo, ni kuudaka mpira uliokosa kikapu ukaruka kutoka ubaoni. Ni kazi ya kusukumana na kuvumilia viwiko. Nimetafuta neno la Kiswahili litakaloisitiri dhana hiyo nikaona watangazaji na wachezaji wote husema ribaundi. Sioni faida ya kubuni istilahi isiyo na msemaji.

Takwimu hizo si za kutisha. Pointi 8.6 ni za mchezaji wa kawaida. Lakini kazi ya mchezaji wa kati hailali yote katika karatasi. Mpinzani aliyeukata ukuta wa kwanza na kumwona Maluach chini ya pete huusitisha mwendo, hugeuka, huutoa mpira nje. Hakuna safu ya takwimu inayoandika mpira ambao haukurushwa. Wanafunzi wa fasihi wanalijua jambo hili: kuna wahusika ambao riwaya nzima hupinda kuwakwepa, na wasemapo ni kidogo.

Michezo thelathini na tisa

Duke walicheza michezo 39, wakashinda 35, wakapoteza 4. Nitaanza na ile waliyopoteza kwa kuwa ndiyo yenye maana.

Tarehe 12 Novemba 2024 walifungwa na Kentucky 77 kwa 72. Wiki mbili baadaye walifungwa na Kansas 75 kwa 72. Katika michezo yote miwili walikuwa karibu, na katika yote miwili dakika za mwisho ziliwashinda. Msomaji ayaweke maneno hayo akilini. Baada ya Kansas walishinda michezo 16 mfululizo, ukiwamo ule wa Desemba dhidi ya Auburn (84 kwa 78). Februari 8 wakafungwa na Clemson 77 kwa 71. Kisha wakashinda mingine 15 mfululizo. Ndani ya kundi lao la ACC walikuwa na ushindi 19 na kushindwa 1.

Katika mashindano ya kundi, mjini Charlotte, Flagg aliumia kifundo cha mguu katika mchezo wa kwanza. Hapa ndipo wengi wetu tulidhani kisa kimekwisha, maana Flagg ndiye aliyekuwa mhusika mkuu. Mwisho wa msimu alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa vyuo nchini. Bila yeye, Duke waliwashinda North Carolina 74 kwa 71 na Louisville 73 kwa 62, wakachukua kombe. Knueppel akatangazwa mchezaji bora wa mashindano hayo.

Mashindano ya taifa yalipoanza Flagg alirudi. Mount St. Mary's walifungwa 93 kwa 49, Baylor 89 kwa 66. Arizona walipigana, 100 kwa 93, na Flagg alifunga pointi 30. Alabama, ambao katika mchezo wao uliotangulia walikuwa wametia mipira 25 ya pointi tatu, walizuiwa kwa pointi 65 dhidi ya 85. Sasa zikabaki timu nne, na San Antonio.

Mchezo wa Houston nimeutazama tena mara tatu tangu usiku ule. Duke walikuwa mbele kwa pointi 14 katika kipindi cha pili. Sekunde 35 hivi kabla ya kengele walikuwa bado mbele kwa pointi 6. Katika dakika 10 za mwisho walikuwa wamefunga kikapu kimoja tu cha mchezoni. Nyingine zilikuwa za mitupo ya adhabu. Houston wakatia mpira wa pointi tatu. Duke wakapoteza mpira walipokuwa wakiurusha kutoka nje, na Houston wakaushindilia kikapuni. Pointi moja. Kisha J'Wan Roberts wa Houston akapewa mitupo miwili ya adhabu, akaitia yote. Flagg akarusha, ukakosa. Mitupo mingine miwili, na matokeo yakawa 70 kwa 67. Houston walifunga pointi 9 za mwisho bila kujibiwa.

Na Maluach? Usiku huo hakudaka ribaundi hata moja. Kijana wa wastani wa 6.6, mrefu kuliko wote uwanjani, sifuri. Houston walimsukuma mbali na pete mchezo mzima, kila mpira uliporuka kulikuwa na mgongo wa mtu mbele yake. Hiyo ndiyo sababu ya kimchezo. Lakini katika ua wetu, Lodwar, hakuna aliyeitaja sababu ya kimchezo. Wote walisema, alikuwa akiiwaza pasipoti.

Pasipoti

Sina njia ya kujua alichokuwa akiwaza, wala hao vijana hawana. Hata hivyo dai lao linastahili kuchunguzwa, kwa sababu ndilo lililowafanya wausome msimu huu tofauti na watazamaji wa Carolina.

Jumamosi ya tarehe 5 Aprili, kabla ya mchezo, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba viza zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini zimebatilishwa, na kwamba nyingine hazitatolewa. Sababu aliyoitoa ni kwamba serikali ya mpito ya Juba imekataa kuwapokea kwa wakati raia wake wanaorudishwa. Mzozo ulimhusu mtu mmoja aliyerudishwa kwa hati ya Sudan Kusini, ambaye Juba ilisema ni Mkongo. Tarehe 8 Aprili Juba ilikubali kumpokea. Katika siku hizo tatu, chuo kilisema kinafahamu tangazo hilo na kinaliangalia. Maluach hakuondolewa nchini.

Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, na viza hiyo humbana kwa namna nyingi. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupokea fedha za matangazo kwa kutumia majina na sura zao. Wenye viza ya masomo hawana uhuru huo kama wenzao, kwa kuwa viza huwazuia kufanya kazi. Hivyo katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo hukaa vijana wa umri mmoja, wenye jezi moja, wakiwa chini ya sheria mbili. Karatasi ya matokeo haiandiki hilo pia.

Kinaya chenyewe kiko hapa: pasipoti iliyomtia mashakani San Antonio ndiyo iliyompeleka Paris. Bila kuwa raia wa Sudan Kusini asingecheza Olimpiki akiwa na miaka 17. Wanafunzi wa tendi wataukumbuka mwisho wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye majeshi hayakumweza, hadi silaha ikaja kwa mkono wa mwanawe. Sipendi kuuvuta mlinganisho huu mbali, maana Maluach hakuuawa na mtu, na Juba si mwanawe. Ninachokiona ni kwamba katika tendi zetu hatari humjia shujaa kupitia kile kilichomfanya awe wa watu fulani.

Kakuma wanazifahamu njia tatu za kulikabili jambo hili. Lopez Lomong aliishi kambini humo miaka kumi. Mwaka 2000 alilipa shilingi tano kutazama Olimpiki ya Sydney katika televisheni isiyo na rangi. Alipelekwa Marekani, mwaka 2007 akawa bingwa wa vyuo katika mita 1,500 akikimbilia Northern Arizona, mwaka huohuo akapata uraia wa Marekani, na mwaka 2008 akaibeba bendera ya Marekani kule Beijing. Rose Nathike Lokonyen, naye wa Kakuma, aliibeba bendera ya Olimpiki mbele ya timu ya wakimbizi kule Rio mwaka 2016. Hakuwa na bendera ya nchi. Maluach ni wa njia ya tatu: aliishika ya nchi yake na kubaki nayo. Wale vijana wanne wa Kakuma walimpenda kwa hilo, nao walimwogopea kwa hilo hilo.

Neno kuhusu neno

Nikiwa bado hapo, niseme jambo linalowahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Maandishi mengi ya Kiingereza kuhusu wanamichezo hawa hueleza kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali popote". Hakuna kamusi ya Kiswahili yenye maana hiyo. Kakuma ni mji wa Waturkana, wenye watu, maduka na mto wa msimu, uliokuwapo kabla ya kambi kuanzishwa mwaka 1992. Mwandishi wa mbali alihitaji jangwa lisilo na jina ili shujaa wake atoke humo, akaipa lugha yetu kazi ya kulitengeneza. Sisi tunaosomea Kiswahili tungekuwa wa kwanza kulikataa, lakini nimeliona likirudiwa hata katika insha za wanafunzi wenzangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kapedo, mji mdogo wenye maporomoko ya maji moto ambao kaunti za Turkana na Baringo zinaugombania hadi leo, na ambao nje yake askari polisi wengi waliuawa katika shambulio la kuvizia mwaka 2014. Mtoto wa Kapedo huulizwa mapema yeye ni wa upande gani, na anayemuuliza mara nyingi ana bunduki. Labda ndiyo sababu siwezi kuusoma msimu wa Duke kama kisa cha "mkimbizi aliyeshinda". Sifa hiyo humnyang'anya kijana ribaundi zake 6.6, viwiko alivyovumilia, miaka ya Saly, na kumwachia hali tu, kana kwamba hali ndiyo iliyokuwa ikiruka chini ya pete. Lakini msimulizi anayeuficha ukimbizi wake ili abaki na takwimu safi naye hawezi kueleza kwa nini ua mzima wa Lodwar ulinyamaza kabla kengele haijalia.

Tarehe 7 Aprili Houston walifungwa na Florida 65 kwa 63 katika fainali. Juni 25, katika uteuzi wa NBA, Flagg aliitwa wa kwanza, Knueppel wa nne na Maluach wa kumi, akaenda Phoenix. Timu ile haikuwapo tena.

Usiku ule, picha ilipozimika, tulikaa kidogo gizani. Mmoja wa wale wanne alikuwa ametoka kambini kwa kibali cha kusafiri, kama inavyotakiwa kwa mkimbizi anayekwenda nje ya eneo la kambi. Alikitoa mfukoni, akakikunjua, akakimulika kwa simu kuangalia tarehe. Kilikuwa kinakwisha Jumatatu. Akauliza gari la kwanza la Kakuma hutoka saa ngapi.